Kenge Aliyekandwa Kama Mzazi

Wanawake wa mtaa wetu hapa Rumonge husema kwamba nilipomzaa mwanangu wa pili nilipatwa na kichaa cha uzazi, nikaanza kumkanda kenge. Kumkanda nilimkanda, sikatai. Kichaa sikuwa nacho. Nilikuwa na hasira tu, na hasira ya mzazi aliyefungiwa ndani ni ya kuogopwa kuliko kichaa, kwa sababu kichaa hupumzika.

Kenge mwenyewe aliletwa kwetu na Wadachi, ingawa wao hawana habari. Walitoa amri kwamba vichaka vyote vya ufukweni vifyekwe, maana humo ndimo wanamokaa mbung'o waletao malale. Wanaume wakafyeka tangu mdomo wa mto mpaka pale mitumbwi inapovutwa nchi kavu. Sijui mbung'o walikwenda wapi. Wengine wote waliokuwa wakiishi vichakani walihamia kwetu. Nyoka waliingia ghalani, panya wakaingia darini, na katika kapu la binti yangu wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa hajang'oka hata jino moja la utoto, akaingia kenge mchanga, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko, mwenye madoa ya njano mgongoni.

Mume wangu alicheka. Akamfunga kamba mguu wa nyuma, akasema, "Mwacheni, atakula panya." Kisha akapakia mawese yake, akaenda zake Ujiji, akaniacha na tumbo mbele, mama yake nyuma, na kenge katikati.

Mama mkwe wangu ni Mmanyema, alizaliwa ng'ambo ya ziwa, na kuku wake anawapenda kuliko baadhi ya wanawe. "Hii kitu haikai mu uwanja," alisema. "Itamaliza mayai yangu yote." Basi kenge akafungwa kwenye mguu wa kitanda changu. Nilipojifungua, tukawa chumbani mzazi, mtoto mchanga na kenge, na binti yangu akiingia na kutoka kama mwenye nyumba.

Kwa wanaume watakaosoma haya, ambao hupelekwa kulala kwingine siku zile na kurudi wakati kila kitu kimeshanukia udi, nieleze arobaini ni nini. Mlango unatiwa pazia. Kando ya kitanda unawekwa moto wa makaa, usiozimwa usiku wala mchana, ili mzazi asipatwe na baridi. Unanyweshwa uji wa pilipili manga mpaka masikio yanatoa jasho. Na asubuhi na jioni unakandwa. Mama mkwe anachovya kitambaa kwenye maji yaliyotoka kuchemka na majani yake, anakikamua nusu, anakubandika tumboni na kukuegemea kwa uzito wake wote. Ukilia, anasema damu chafu inatoka. Usipolia, anaongeza kuni.

Mimi nimesoma shule ya Wadachi kule pwani mpaka darasa la mwisho. Nilikuwa msichana peke yangu, benchi la nyuma ya wavulana, kwa kuwa baba alikuwa karani na hakuna aliyetaka kumuudhi. Najua kuandika, najua hesabu za sehemu, najua mito ya nchi ambazo sitazikanyaga. Na nilikuwa nimelala chali, nikigeuzwa huku na huku kama samaki juu ya mkaa, na bibi asiyejua alifu wala be. Nilidhani elimu ingenisaidia. Subirini muone ilivyonisaidia.

Kenge alianza kupauka. Kwanza mgongo, ukawa mweupe kama mguu wa mtu aliyetoka safari ya vumbi. Kisha ngozi ikaachana kidogo shingoni, ikainuka ukingo, ikaishia hapo hapo. Ikamganda. Kwenye vidole ikajikunja kama pete zilizobana, na kidole kimoja cha mbele kikavimba juu ya pete yake. Machoni kukawa na utando kama wa maziwa. Binti yangu alimsogezea ndagala, dagaa wa ziwa letu, puani. Hakufungua hata kinywa.

"Mama, kenge haoni."

"Ataona."

"Umejuaje?"

"Mama anajua," nikasema, nikageukia ukutani kumnyonyesha mdogo wake. Ni jibu la mama aliyechoka, kila mama amelitoa. Lakini mtoto yule alilichukua kama hirizi. Nikamsikia uani akiwaambia kuku: kenge atapona, mama anajua.

Ndipo jirani yetu mmoja, mkubwa wa ngoma ya wanawake wa mtaa wetu, akaja kumwona mtoto. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu aliye kisiwani. Aliniletea sabuni na kuku, akamtazama mwanangu kwa muda wa kupepesa jicho, akasema mashallah, kisha akainama kumtazama kenge kwa muda mrefu zaidi.

"Ee somo," akamwambia mama mkwe wangu, "kumbe ni kweli iko."

"Iko. Nilikuambia. Lakini iko mugonjwa."

"Basi tuiwahi mbele haijakonda. Wale wa mutaa wa juu, ngoma yao iko na ngozi ya kenge, wakiipiga inasikika mpaka Magara. Yetu ya mbuzi inalia kama mutu anapiga mufuko ya unga. Na harusi ya hapa mutaani ndiyo hii inakuja."

"Si nilishakupa neno? Chukua."

Nilikuwa sijaambiwa kitu. Mkono mdogo ukatokea chini ya kitanda, ukashika mkia wa kenge, ukaurudisha uvunguni taratibu. Binti yangu alikuwa humo muda wote.

Hapo elimu yangu ikasimama kunitetea. Nilikumbuka siku mwalimu alipochora ubaoni nyoka anayetoka katika ngozi yake, nzima, kama mguu unavyotoka kwenye soksi. Sikumbuki kama aliwataja kenge. Sikuona kama kuna haja.

"Hakuna haja ya kumchinja," nikasema, nikajiinua kitandani kama hakimu. "Huyu si mgonjwa, anavua ngozi. Ataivua nzima kama kanzu. Mtaichukua ngozi yenu, muwambe ngoma yenu, na kenge abaki kwa mtoto."

Wakanitazama kama watu wanavyomtazama mtu anayesoma.

"Nzima?" akauliza mkubwa wa ngoma.

"Nzima. Na kucha zake."

"Umeiona wapi hii?"

"Shuleni."

"Na kama haitoke?"

Mtu mwenye akili angesema, tutaona. Mimi nikasema, "Ikifika asubuhi ya harusi haijatoka, njoo na kisu chako." Nikasema hayo binti yangu akisikiliza uvunguni, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kukosea katika maisha yake.

Nikaanza kazi. Dawa ya kwanza ilikuwa mawese. Hapa kwetu mawese yanatibu kuungua, kikohozi, upele, nywele ngumu na mlango unaolia. Nikampaka kenge tangu pua mpaka ncha ya mkia. Akawa mwekundu, akateleza mikononi, akapita kwenye jivu la moto wangu. Nilipomvuta kwa kamba, alikuwa amevaa joho la jivu, na ngozi ya zamani iko pale pale chini yake.

Mama mkwe akainua pazia, akatazama.

"Muzazi," akasema kwa upole kabisa, "hiyo unaiunga ya kula na ndizi ao na wali?"

Dawa ya pili ilikuwa ya kitaaluma zaidi. Kama ngozi ni soksi, nikasema moyoni, soksi huvuliwa. Nikashika ule ukingo wa shingoni kwa vidole viwili nikavuta. Kikatoka kipande cha ukubwa wa ukucha, na pamoja nacho ikatoka na ngozi iliyo hai. Nikaona tone la damu. Kenge, ambaye mpaka hapo alinivumilia kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba ile, akageuka akaniuma kidole gumba, akabaki hapo hapo akining'inia.

Nilipiga ukelele wa mtu anayezaa. Mama mkwe akaja mbio akidhani mtoto ameangukia motoni. Akanikuta nimesimama juu ya kitanda, nywele timtim, na mnyama mwekundu ananing'inia kidoleni.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Tazama!" akasema, akijifuta machozi. "Iko inanyonya!"

Aliyeniokoa ni binti yangu. Alichukua kata akammwagia kenge maji kichwani, polepole, kama anamtawadhisha. Kenge akaachia. Na nikiwa bado natukana, kwa Kiswahili na kwa Kidachi, nikaona pale maji yalipopita shingoni, ngozi iliyokuwa ngumu kama gamba imelegea. Nikaifuta kwa kidole ambacho hakijaumwa. Ikatoka yenyewe, kama ganda la haragwe lililochemshwa.

Jioni nilirudi kuendelea, nikakuta iliyobaki imekauka tena na kuganda. Nikaitazama. Nikautazama moto uliokuwa ukiwaka hatua chache kutoka puani pake, tangu nijifungue. Ni mnyama wa matete na matope, anayeshinda ndani ya maji. Na sisi tumemlaza penye makaa, hana hata bakuli la kulowa. Alikuwa anakaushwa kama ndagala. Hakikuhitajiwa kitabu kuliona jambo hilo. Ningekuwa sina kitabu kichwani ningeliona mapema.

Kuzima moto haikuwezekana. Mama mkwe angenizima mimi. Lakini baada ya kukandwa, maji ya beseni hubaki, na hupoa. Asubuhi iliyofuata nikaonja maji kwa kiwiko kama tunavyoonja ya mtoto mchanga, nikamwaga mengi nikabakiza yanayofika tumboni mwa kenge tu, nikamlaza humo kichwa kikiwa nje, na kumfunika na kitambaa changu mwenyewe cha kukandiwa, kimelowa. Binti yangu akamshika.

"Usimbonye," nikamwambia. "Tunangoja."

Tukangoja mpaka mdogo wake akanyonya akalala. Kisha nikapitisha kitambaa mgongoni kwa wepesi, kufuata magamba. Vipande vikaanza kuelea majini. Zile pete za vidoleni binti yangu alizisukuma mwenyewe kwa vidole vyake, zikavingirika kama nyuzi zilizolowa. Kisichokubali tulikiacha mpaka jioni. Kile kidole kilichovimba kilikuwa kimeshakuwa cheusi ncha. Baadaye ncha ilikatika, na binti yangu akaizika karibu na jiko kwa heshima zote.

"Mama," akaniuliza, "mbona wewe ukikandwa unalia, na yeye halii?"

"Kwa sababu mimi simkandi kama bibi yako anavyonikanda."

Pazia lilikuwa wazi. Bibi yake alikuwa amesimama pale na sufuria ya uji.

"Kitambaa ya muzazi!" akasema. "Maji ya muzazi! Kwa mududu!"

Nami nilikuwa nimejaa tayari. Nikamwambia yote. Nikasema amenikanda kama anapara ngozi ya mbuzi, moto wake umetukausha sote chumbani, kenge amepata haya maji mara moja akalegea, na mimi nimeyapata kila siku nikakakamaa, kwa hiyo kosa haliko kwenye maji. Sijui nilipata wapi pumzi. Kusema hivyo kwa mama mkwe, tena Rumonge, ni kujitafutia kurudishwa kwenu, na kwetu ni mbali.

Yeye akaweka uji chini. Akachovya kidole kwenye beseni.

"Maji iko baridi," akasema. "Unamukanda mutu na maji ya namna hii? Atapata tambazi."

"Si mtu, mama. Ukimletea ya moto atakufa."

"Nani anakanda watu hapa, ni mimi ao ni wewe?"

Nikalikumbatia lile beseni kwa mikono miwili ili asiongeze maji ya moto. Tangu hapo kila jioni tukawa tunagombania maji, yeye na birika yake, mimi na kiwiko changu. Kumgusa kenge hakumgusa. Lakini alikuwa akinikanda, mkono ukiwa mzito vile vile, na katikati ya kuniegemea anauliza, kama haimhusu, "Na jicho?"

Jicho lilichelewa. Kila tulipomlowesha nililigusa kwa ncha ya kitambaa, nikaliacha. Nilikuwa nimejifunza kutovuta, na ni elimu niliyoilipia kwa kidole gumba. Hatimaye utando mmoja ukatelezea kwenye kitambaa, mdogo na mwangavu kama gamba la ndagala, na jioni yake wa pili. Jicho jeusi likamtazama binti yangu. Ulimi ukatoka, ukaingia. Akanyakua ndagala mkononi mwake.

"Nilisema!" akapiga kelele mpaka mtoto akaamka. "Nilisema mama anajua!"

Nilikubali sifa. Kwa nini nisikubali? Siku zile sikuwa nikipata nyingine.

Asubuhi ya harusi mkubwa wa ngoma akaja amejipamba, ana kisu, na mzinga wa ngoma chini ya kwapa. Nikampa sahani. Ndani yake nilikuwa nimeweka ngozi ya kenge yote, nimeikusanya kwa uaminifu. Ilikuwa kama maganda ya kitunguu baada ya kupikwa karamu.

Akaingiza kidole, vipande vikamganda.

"Hii ndiyo kanzu?"

"Ndiyo yenyewe."

"Na kucha ziko wapi?"

Nikainama kumfunga mtoto nguo yake.

"Somo, kuja uone. Mukwe wako anataka tutengeneze ngoma ya sisimizi." Akacheka; nami ningecheka kama asingekuwa ameshainama kumtazama kenge. Kicheko kikamkatika. Maana kenge, jamani, alikuwa amependeza. Mweusi wa kung'aa, madoa ya njano kama ushanga uliotoka dukani, tumbo laini bila kovu.

"Ee Mungu," akasema taratibu. "Tazama hii ngozi. Ile ya zamani ingepasuka tu. Umenitengenezea, muzazi wangu. Umeiosha, umeilainisha... Murakoze, murakoze sana!"

Alinishukuru kwa moyo wake wote. Hakuwa na ubaya hata chembe. Nilikuwa nimefanya kazi ya mtengeneza ngozi, bila malipo, kwa mikono yangu, na neno la kisu lilitoka kinywani mwangu. Binti yangu alinitazama. Alikuwa anangoja mama aseme anachojua.

Mama mkwe ndiye aliyesema. "Kahawa kwanza, somo. Kisu haikimbie." Akamshika mkono akamtoa uani. Mpaka leo sijui kama alikusudia. Nilimuuliza mara moja, akaniambia mgeni hupewa kahawa.

Nikamfunga mtoto mgongoni. Nikamzungushia kenge kitambaa cha kukandia nikamtia kwapani. Nikamshika binti yangu mkono, tukatokea mlango wa nyuma, na arobaini yangu ilikuwa bado.

Jua lilinipiga usoni kama kofi. Nilikuwa nimefikiri nitafika majini mara moja, nikasahau kwamba vichaka vimefyekwa. Kote ni visiki, hakuna hata jani la kumficha mjusi. Ikabidi tupite ufukweni, katikati ya wanawake waliokuwa wakianika ndagala, tuvuke mto penye maji ya vifundoni, mpaka kwenye matete yaliyobaki ng'ambo.

"Wee! Muzazi iko inje!"

"Mutoto hajatolewa! Jamani, upepo!"

"Na nini hiyo kwapani?"

Mwanamke mmoja wa milimani, aliyekuja kubadilisha maharage kwa samaki na asiyejua mambo yetu, ndiye peke yake aliyenisalimu. "Amahoro." Nikamjibu amahoro, kwa adabu, kama mtu anayekwenda kuchota maji, na mkia wa kenge unanipiga mbavuni.

Kwenye matete nikapiga magoti nikafungua kamba. Kenge hakwenda. Alikaa juu ya tope akionja hewa. Nikamsukuma. Akanichapa mkia kwenye goti, kisha akaingia majini bila kugeuka, kichwa juu, akaenda akipinda kama maandishi ya haraka, mpaka matete yakamfunika.

Nilimgeukia binti yangu nikitegemea kitu, sijui nini. Shukrani, nadhani.

"Ulisema atabaki," akasema.

"Wangemchinja."

"Ulisema abaki kwa mtoto. Nilikusikia."

"Sasa yu hai, mwanangu. Anaona."

"Ulisema." Akakaa kwenye mchanga, akakunja mikono, akanipa mgongo. Nilimwambia kwamba nimetoka nje kabla ya siku zangu kwa ajili yake, kwamba mji mzima unanicheka. Mgongo haukusogea. Ulikuwa mgongo mdogo wenye hasira kubwa, na sikuwa na haja ya kuuliza aliirithi wapi. Mdogo wake akaamka akataka kunyonya. Nikakaa karibu nao nikamnyonyesha mbele ya ziwa na wanawake wote wa Rumonge.

Mama mkwe alikuja akihema, na shuka zito mkononi. Akanifunika mpaka kichwani, akanibana kama mzigo. Alitazama maji, akatazama kamba tupu.

"Imeenda?"

"Imeenda."

"Basi tutapiga ya mbuzi," akasema, na jioni ile waliipiga, na mtaa wa juu walicheka mpaka leo hawajamaliza. Kisha akaniinua. "Umeingiza upepo mu mwili. Arobaini inaanza mupya. Leo. Tangu mwanzo."

Nikamtazama binti yangu anitetee. Alikuwa ameshaushika mkono wa bibi yake, si wangu. Wakatangulia njiani, na upepo wa ziwa ukaniletea sauti yake, wazi kabisa.

"Bibi, leo umkande mama na maji ya moto sana."

"Iko moto tayari," akasema bibi yake.